Maongezi ya Juma: Kuungama na Kurudisha

Kila juma, katika vyumba vya mabati vya Kibera na katika ploti za Kawangware, Wakristo hukutana kusoma Neno na kujihoji nafsi zao. Wakatoliki wana Jumuiya Ndogo Ndogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizitia nguvu walipokutana Nairobi mwaka 1973 na tena mwaka 1976. Waangilikana na Wapresbiteri walio katika Uamsho wana ushirika wao, nao huitana Wandugu. Leo nataka tuzungumze habari ya kuungama, nami nitaanza na Wandugu, maana hao ndio waliotuzoeza kusimama mbele ya wenzetu na kusema makosa yetu kwa kinywa.

Asili ya jambo hili yajulikana. Mwaka 1929 daktari Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa katika hospitali ya misheni huko Gahini, Rwanda, alikutana na Mganda, Simeoni Nsibambi, huko Namirembe. Walisoma Biblia na kuomba pamoja, na katika miaka iliyofuata moto ule ulienea Rwanda na Uganda. Mwaka 1937 wahubiri wao walifika Kabete, mahali ambapo mtu wa Kawangware aweza kwenda kwa miguu, na mwaka 1949 maelfu ya watu walikusanyika hapo hapo. Mmoja wa viongozi wao, Obadiah Kariuki, aliwekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1955.

Basi ni nini kilichowashangaza watu wa siku zile? Si nyimbo, wala si machozi. Kilichowashangaza ni kuona vitu vikirudi. Watumishi waliwarudishia mabwana zao vitu walivyoiba. Watu walilipa madeni ambayo mwenye kudai alikuwa amekwisha kuyasahau. Hata mtu asiyejali dini hakuweza kulidharau jambo hilo, kwa kuwa alishika mkononi kitu chake kilichopotea.

Nionavyo mimi, kuungama tumekuhifadhi vizuri, lakini kurudisha kumefifia. Sikiliza maungamo ya jioni moja. Huyu asema amekuwa mvivu wa kuomba. Yule asema ameona hasira moyoni. Wa tatu asema ana "udhaifu" ambao hautaji, naye aomba akumbukwe. Wimbo wa Tukutendereza huimbwa, watu hushikana mikono, na kila mtu huenda zake. Simwoni mtu aliyedhulumiwa katika habari hizo. Yuko wapi?

Twajua sababu moja. Katika Kibera chumba ni cha futi kumi kwa kumi, na ukuta ni wa udongo au bati. Neno lisemwalo katika ushirika lasikiwa na jirani aliyeketi upande wa pili akipika ugali. Tuseme mama aliye mweka hazina wa chama amechukua shilingi 3,000 za wenzake ili kulipa kodi ya nyumba. Akilisema jambo hilo katika ushirika, asubuhi litakuwa limefika kwenye bomba la maji kabla yeye hajafika na mtungi wake. Simlaumu kwa kuogopa. Lakini hana lazima ya kuwaambia watu ishirini. Anapaswa kuwaambia wanachama, wenye fedha, na kupatana nao atalipa kiasi gani kila juma. Yafaa kosa liungamwe mpaka pale madhara yake yalipofika, wala si mbali zaidi. Mtu aliyezini akitaja hadharani jina la mwenzake, ameungama dhambi ya mtu mwingine bila ruhusa, na nyumba ya pili yaweza kuvunjika kwa ajili ya utulivu wa moyo wake yeye.

Liko jambo zito kuliko la chama. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nyumba zilichomwa katika Kibera, maduka yakaporwa, reli ikang'olewa, na watu wakafukuzwa na majirani waliokuwa wakiteka maji pamoja nao. Mwezi wa Januari 2008 ilitangazwa kwamba huko Mombasa baadhi ya waporaji walirudisha mali kwa kuogopa uganga. Uganga! Tuliohubiriwa habari ya Zakayo tangu shule ya Jumapili, je, twaweza kuketi juu ya godoro la jirani na kuomba juu yake?

Nimemtaja Zakayo, naye atuhusu hasa sisi makarani, kwa kuwa alikuwa mtoza ushuru. Aliahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na tena kuwalipa mara nne wale aliowanyang'anya. Mtu azoeaye vitabu vya hesabu ataona mara moja kwamba hayo ni maandiko mawili katika daftari, si moja. Mtu apokeaye "chai" kwa mwananchi ili kumtafutia faili lake, kisha akatoa sadaka kubwa kanisani, ameandika mstari wa kwanza tu. Kama amjua aliyemlipa, amrudishie yeye. Kama hamjui, hapo awape maskini, lakini kwa siri, asije akashangiliwa kwa fedha ya watu.

Wengine watauliza kama yafaa kurudisha fedha kwa simu. Yafaa, maana deni ni deni, na jina la mlipaji huonekana. Lakini fedha iliyopelekwa bila neno humfanya mpokeaji adhani imekosewa njia, naye huenda akairudisha. Afadhali kwenda.

Wala tusidhani kwamba deni la mtu asiye wa kanisa letu ni jepesi. Kibera ilianza kuwa makao ya askari Wanubi wa King's African Rifles, nao ni Waislamu. Mzee wa Makina atakuambia kwamba toba ya mtu aliyedhulumu haitimii mpaka haki ya mwenyewe irudishwe. Katika jambo hili yeye na Mathayo hawagombani.

Mathayo aeleza habari ya mtu aliyeleta sadaka madhabahuni akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Aambiwa aiache sadaka hapo, aende kwanza kupatana. Tuseme mtu huyo yuko kanisani Kawangware, na ndugu yake akaa Laini Saba. Itambidi atoke katikati ya ibada, apite Dagoretti Corner, ashike barabara ya Ngong mpaka Kibera, mwendo wa saa moja na zaidi kwa miguu. Atakaporudi ibada itakuwa imekwisha na mlango umefungwa. Hapana neno. Na kama hakumkuta ndugu yake nyumbani, aketi mlangoni amngoje.