Maigizo Gerezani Yasiwe ya Mgeni Rasmi Pekee

Anayemaliza kifungo mkoani Katavi mara nyingi hurudi katika kijiji kilekile, mbele ya macho yaleyale ya aliowakosea. Kilimo na ufundi alivyojifunza gerezani vitampa riziki, na si vya kubezwa. Havimfundishi, hata hivyo, kunyamaza anapotukanwa, wala kuomba radhi bila kujitetea. Mambo hayo hupatikana kwa mazoezi, na maigizo ni mazoezi hayo.

Mwaka 2009, Zeina Daccache aliwaongoza wafungwa wa gereza la Roumieh, nchini Lebanoni, kuigiza tamthilia ya watu kumi na wawili wanaoamua iwapo mshtakiwa ana hatia. Waliohukumiwa wakakalia viti vya wanaohukumu. Nguvu ya tiba hii imo humo: mtu huvaa nafsi ya mwingine, pengine ya aliyeibiwa naye, akayatamka kwa kinywa chake maneno ambayo hakuwahi kuyasikiliza.

Maarifa yenyewe si mageni nchini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Penina Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi Malya, mkoani Mwanza, ambako wanakijiji wenyewe walitumia ngoma na michezo yao kujadili mimba za wanafunzi. Katavi nako, Wapimbwe, Wakonongo, Wabende na Wasukuma waliohamia hawajawahi kungoja jukwaa wala taa ili wacheze. Inasikitisha basi kwamba sanaa gerezani hukumbukwa zaidi anapokuja mgeni rasmi. Igizo la kumsifu mgeni halimtibu mtu.

Mhudumu wa afya ana nafasi yake hapa. Hospitali ya Mirembe, pamoja na Isanga wanakopokelewa wahalifu wenye maradhi ya akili, iko Dodoma, safari ndefu kutoka Mpanda. Muuguzi anayehudhuria mazoezi ya kila wiki atamtambua mapema asiyelala, anayejitenga, au anayeshtuka akiguswa, naye atazungumza naye faragha. Asikubali mtu yeyote alazimishwe kuigiza kosa lake mwenyewe, hasa mahabusu ambaye shauri lake halijaamuliwa; kisa kiwe cha kubuni. Igizo likiisha, washiriki wasirudishwe selo papo hapo: wapewe muda wa kuvua uhusika na kusema lililowagusa.

Siku ya maonesho, viti vya mbele wapewe ndugu watakaowapokea nyumbani. Mgeni rasmi hatakosa pa kukaa.