Mteja anatafuta gesti, sisi tunamwandikia Kifaransa

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa miaka mingi nimeitumia methali hii darasani, na wanafunzi wangu wameinakili katika madaftari yao bila kuuliza swali. Mwaka huu nimeanza kuitilia shaka, na iliyonitia shaka ni nyumba ya wageni yenye vyumba vinane hapa Rumonge.

Nyumba hiyo ni ya chama chetu. Wengi wetu tulizaliwa Tanzania, katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, ambako wazazi wetu walikimbilia baada ya mauaji ya 1972. Tulirudi Burundi katika wimbi la 2008 na 2009. Wale waliokuta mashamba ya baba zao yana wenyewe wengine walijifunza kuishi kwa biashara, na kwa kuchanga kidogo kidogo tukajenga vyumba hivyo pamoja na ghala la kuhifadhia mizigo. Mfanyabiashara anayetoka Kigoma kwa njia ya Manyovu na Mugina, akapita Nyanza-Lac na kufika hapa jioni, anapata pa kulala, na magunia yake nayo yanapata pa kulala. Ghala ndilo roho ya biashara yetu. Vyumba viko kila mahali, lakini mahali pa kufungia magunia arobaini kwa kufuli na kupewa risiti si pengi.

Tukaamua kuwa na tovuti. Kijana mmoja tuliyeelekezwa kwake alilipwa faranga laki sita, akaitengeneza, tukaifungua kwa soda na hotuba. Miezi kumi ikapita. Mama mweka hazina wetu ana daftari ambamo humwuliza kila mgeni alisikia wapi habari zetu. Safu ya dereva imejaa, safu ya ndugu na jamaa imejaa, safu ya intaneti ni nyeupe kama siku daftari liliponunuliwa. Kisha ikaja ankara ya mwaka ya jina la tovuti na mahali inapohifadhiwa. Kikao kikagawanyika. Nusu walisema tuiache ife. Nusu nyingine walikuwa wamekwisha kuzungumza na bwana mwingine aliyeahidi kwamba kwa faranga milioni moja atatuweka nafasi ya kwanza Google ndani ya wiki mbili. Milioni moja kwetu ni paa la ghala. Niliomba nipewe mwezi mmoja nichunguze kabla pesa haijatoka, na kwa kuwa mimi ni mwalimu walidhani najua.

Sikujua. Nilichokuwa nacho ni kumbukumbu ya maktaba ya shule yangu ya sekondari kule mkoani Tabora. Vitabu vya msaada vilikuja katika maboksi, na mwalimu wa maktaba alitupa kazi ya kuvisajili. Mmoja alizunguka akivitoa kwenye maboksi, mwingine alivifungua na kuandika katika daftari kubwa kila kimoja kinahusu nini, na mwanafunzi akija kuuliza, mwalimu aliangalia daftari kwanza, rafu baadaye. Kitabu kilichofungwa karatasi ya kaki bila jina mgongoni kilikaa pale mwaka mzima bila kuguswa, hata kama ndani yake mlikuwa na majibu yote ya mtihani.

Nilipoanza kusoma maelekezo ambayo Google wenyewe huyatoa bure kwa wenye tovuti, niliona ni kazi ile ile. Programu zao huzunguka intaneti zikifuata viungo kutoka ukurasa hadi ukurasa, husoma zilichokikuta, hukiandika katika daftari lao, na mtu akiuliza hutafuta katika daftari. Tovuti ambayo haimo katika daftari haina nafasi ya kwanza wala ya elfu moja. Haipo.

Basi nikafanya jaribio ambalo kila msomaji mwenye tovuti anaweza kulifanya leo kwa simu yake. Katika kisanduku cha kutafutia cha Google niliandika neno site, nukta mbili, kisha jina la tovuti yetu bila kuacha nafasi. Zoezi hili huonyesha kurasa za tovuti hiyo zilizomo katika daftari. Haukuja hata ukurasa mmoja! Kumbe tovuti yetu imejengwa kwa WordPress, na katika mipangilio yake mna kisanduku cha kuiambia mitambo ya kutafuta isiisajili. Fundi hukitia alama wakati bado anajenga, ili watu wasione nyumba isiyo na milango. Wetu alimaliza ujenzi, akachukua pesa, akasahau kukifuta. Kwa miezi kumi tulikuwa tumetundika kibao mlangoni kinachosema usiingie, halafu tunanung'unika kwamba wageni hawaji.

Nilikifuta kwa sekunde moja. Kisha nikajisajili katika huduma ya Google iitwayo Search Console, ambayo ni bure, nikathibitisha kwamba tovuti ni yetu na kuwapelekea ramani yake, yaani faili lenye orodha ya kurasa zote. Faida kubwa ya huduma hii ni kwamba baadaye inakuonyesha maneno ambayo watu waliyaandika hadi wakaiona tovuti yako. Ni daftari la mama mweka hazina, ila hili linajijaza lenyewe.

Lakini kusajiliwa ni nusu ya safari, na hapa ndipo nilipokuta tatizo ambalo si la fundi bali ni letu wenyewe. Kila ukurasa una kichwa chake, yale maneno makubwa ambayo mtu huyabonyeza katika orodha ya majibu. Kurasa zetu zote sita zilikuwa na kichwa kimoja: «Bienvenue». Nani duniani anayetafuta pa kulala akaandika karibu? Na ndani yake mlikuwa na Kifaransa kitupu, kirefu na cha kiofisi, kuhusu maendeleo endelevu na ujumuishaji upya wa jamii. Neno ghala halikuwemo. Jina la Rumonge lilitokea mara moja, chini kabisa, katika anwani.

Nilikwenda kukaa na wageni wetu jioni tatu mfululizo, nikawauliza swali moja tu: ukiwa safarini na simu yako, ungeandika nini? Mtu wa Kasulu alisema «gesti Rumonge». Dereva wa Kigoma alisema «loji ya bei nafuu Rumonge». Mama mmoja wa Baraka, ng'ambo ya ziwa, alisema «maison de passage», lakini kwa ajili ya mzigo alisema «depo». Watanzania kwa mzigo huo huo walisema stoo, ghala au godauni. Hakuna hata mmoja aliyesema «centre d'hébergement communautaire», ambalo ndilo jina tulilojipa kwenye tovuti.

Ndugu msomaji, nilijiuliza kwa nini watu waliosoma darasa la kwanza hadi kidato cha nne kwa Kiswahili na Kiingereza, wanaouza na kununua kwa Kiswahili kila siku, walikaa kwenye kikao wakaamua tovuti yao iwe ya Kifaransa peke yake. Jibu ninalijua kwa sababu nilikuwemo. Tuliporudi tulichekwa. Niliposimama darasani mara ya kwanza na Kifaransa changu cha kuokoteza, wanafunzi walicheka na wenzangu wa ofisini walitabasamu. Na katika nchi hii kumwita mtu Mswahili kumebeba kwa muda mrefu maana ya mjanja asiyeaminika. Tukajifunza kuficha Kiswahili chetu tukiwa mbele ya watu wenye heshima, na tulipotengeneza tovuti tulidhani tuko mbele ya watu wenye heshima.

Mzee mmoja wa chama chetu ananipinga, na hoja yake si ya kupuuzwa. Anasema ofisi na mashirika yanayoweza kutusaidia husoma Kifaransa, na tovuti iliyoandikwa «gesti» na «stoo» itaonekana ya kihuni. Mzee, hakuna anayefuta Kifaransa. Maelekezo ya Google yanashauri kila lugha ipewe ukurasa wake wenye anwani yake, badala ya kuchanganya mbili katika ukurasa mmoja. Wafadhili wabaki na ukurasa wao. Ila mfadhili huja mara moja kwa miaka mitatu, mwenye magunia ya mchele huja kila Jumanne.

Kwa hiyo kichwa cha ukurasa wa kwanza sasa ni «Gesti na ghala la mizigo Rumonge, Burundi», na cha ukurasa wa mizigo ni «Stoo ya kuhifadhi mizigo Rumonge». Chini ya kila kichwa tumeandika sentensi mbili za kueleza kilichomo, maana mara nyingi ndizo zinazoonekana katika orodha na kumfanya mtu abonyeze au apite. Ndani tumeandika kama tunavyozungumza: bei ya chumba, bei ya gunia kwa usiku, umbali hadi bandarini kwa miguu, lango hufungwa saa ngapi. Hatukurundika neno gesti mara hamsini. Google huhesabu hilo kuwa udanganyifu, na hata binadamu akilisoma atadhani mwandishi ana homa. Fundi wetu alikuwa pia ametutoza kwa orodha ya «maneno muhimu» yaliyofichwa ndani ya kurasa, wakati Google walitangaza tangu 2009 kwamba orodha ya namna hiyo hawaitumii kupanga majibu.

Picha nazo zilikuwa mzigo. Zilipigwa kwa kamera nzuri siku ya ufunguzi na kuwekwa zilivyo, nyingine zikiwa na uzito wa megabaiti tano. Mfanyabiashara aliye Mugina na kifurushi cha intaneti cha siku moja hatasubiri picha ya mgeni rasmi akikata utepe. Orodha ya bei ilikuwa picha ya karatasi iliyopigwa muhuri, ambayo mtu wa simu ndogo haisomi na mtambo hauitegemei. Tumezipunguza uzito picha, tumeandika bei kwa maandishi, na nimeijaribu tovuti kwenye simu ya bei rahisi kuliko zote tulizonazo, kwa sababu Google siku hizi huipima tovuti kwa jinsi inavyoonekana kwenye simu. Vilevile tumeandikisha nyumba yetu kwenye ramani ya Google, nako ni bure, tukaweka nambari ya simu inayopokelewa na picha ya lango.

Lipo pia suala la viungo. Larry Page na Sergey Brin walipoanzisha Google mwaka 1998 wazo lao kubwa lilikuwa kwamba ukurasa unaoelekezewa viungo na kurasa nyingine zenye uzito una thamani, kama mtu anayetajwa kwa wema na majirani wanaoaminika. Hili halinunuliwi sokoni, na wauzaji wa viungo mamia kwa bei ya chee wanakuuzia adhabu. Tumewaomba washirika wetu wa kweli, wale wasafirishaji na vyama vya wafanyabiashara wenye tovuti zao, watutaje sisi na sisi tuwataje pale inapomsaidia msafiri.

Na yule bwana wa milioni moja? Google wenyewe wameandika wazi kwamba hakuna mtu anayeweza kumhakikishia mwingine nafasi ya kwanza, na kwamba hawapokei malipo ili kumpandisha mtu katika majibu ya kawaida. Matangazo ya kulipia yapo, lakini huwekewa alama kwamba ni matangazo. Mabadiliko mengine huonekana baada ya saa chache, mengine baada ya miezi. Anayekuahidi wiki mbili anakuuzia samaki aliye bado ziwani. Najua chama kimoja kingine cha warejeaji ambacho kimekwisha kulipa ahadi kama hiyo, na sikitaji kwa sababu aibu waliyonayo inawatosha.

Wiki ya tatu baada ya kufuta ile alama, kurasa zetu nne zilikuwa zimeingia katika daftari la Google. Juzi mtu wa Kasulu alipiga simu kuuliza kama ghala letu halina unyevu, maana ana maharage. Aliulizwa alipata wapi nambari, akasema ameiona kwenye simu alipotafuta stoo. Hajafika bado, na huenda asifike. Mama mweka hazina alitaka kumwandika katika ile safu nyeupe, mimi nikasema tusubiri alale, akaniambia daftari ni lake, akaandika.

Ankara inalipwa mwisho wa mwezi huu, na kikao ni Jumamosi. Nitakwenda na orodha ya maneno niliyoyakusanya kwa wageni. Bado sijui watu wa Uvira wanaiitaje stoo, kwa hiyo mwenye kupita Rumonge akitokea huko aniulizie pale mapokezi, waseme wanamtaka mwalimu.