Kijivu Hakifai Kila Chumba

Mwandishi wa makala ya wiki iliyopita ametushauri tupake nyumba nzima kijivu, eti ndiyo rangi inayopatana na kila kiti na kila pazia. Sikubaliani naye hata kidogo. Aje Mji Mkongwe, Unguja, aingie chumba cha nyumba ya mawe: upana wake ni kama mita 3 tu, kwa kuwa dari imebebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga chumba. Kuta nene, dirisha moja linalotazama uchochoro. Humo, saa tisa alasiri, kijivu huonekana kama jivu lililolowa.

Wazee walipaka chokaa nyeupe, na walijua walifanyalo. Chokaa huurudisha chumbani mwanga mdogo unaoingia, tena huuacha ukuta ukauke. Rangi ya plastiki juu ya ukuta huo hufungia unyevu ndani, kisha hubambuka kama ganda la kitunguu.

Ukitaka rangi moja itakayokaa vizuri sebuleni na chumbani, chagua ya maziwa. Kwanza paka kipande cha ukuta, ukubwa wa msala, ukitazame asubuhi, adhuhuri na usiku taa ikiwaka. Usinunue debe kabla ya hapo.