Bodi ya Polikabonati Haipulizwi Rangi kama Bati

Wasomaji mnaocheza magari ya rimoti mmeshaisikia hoja hii, na huenda kuna aliyewauzia kopo la rangi kwa kuitumia: gari ni gari, rangi ni rangi, kwa hiyo bodi angavu ya plastiki ipulizwe kama fundi wa gereji anavyopuliza bati. Nimeifuatilia hoja hiyo dai kwa dai. Naomba muipime nami kwa utaratibu huohuo, kwa sababu anayeifuata huharibu bodi nzima, na bodi iliyoharibika hairudishwi dukani.

Wanaanza kwa kusema kwamba rangi yoyote ya kopo inashika. Kuna ukweli kiasi hapo. Rangi ya kawaida ikikauka juu ya polikabonati hung'aa siku ya kwanza, na ukiipitishia kidole haitoki. Lakini bodi hii haikutengenezwa ikae kabatini. Karatasi ya plastiki, mara nyingi yenye unene wa milimita 1 hivi au pungufu, hupashwa moto mpaka ilegee, kisha hufyonzwa juu ya kalibu. Kinachopatikana ni ganda linalogonga ukuta, likapinda, likarudia umbo lake. Rangi ngumu haipindi pamoja nalo. Hupasuka, halafu hubanduka magamba, hasa kwenye bampa na matao ya magurudumu. Rangi iliyotengenezwa kwa ajili ya polikabonati hulainisha kidogo uso wa plastiki ili ishikane nao, na ikishakauka bado inanyumbuka. Msinikubalie kwa maneno tu. Mkishaikata bodi, hubaki vipande vya matao. Kimoja kipulizeni rangi ya kawaida, kingine rangi ya polikabonati, viacheni vikauke hadi kesho yake, kisha vikunjeni katikati. Mtaona wenyewe kipi kimemwaga rangi mezani.

Ukifika hapo unaambiwa: kwaruza kwanza kwa msasa, itashika. Tazameni jibu hilo linakiri nini. Ikiwa rangi yoyote inashika, msasa wa kazi gani? Kukwaruza ndani taratibu, mbali na sehemu za vioo, kunaweza kuisaidia rangi ipate pa kujishikiza. Hakuwezi kuigeuza rangi inayovunjika iwe rangi inayopinda.

Dai la pili ni kwamba utofauti wa makopo ni ujanja wa biashara. Mfano unaotajwa ni Tamiya, kampuni ya Shizuoka, Japani, inayouza makopo ya TS na ya PS. Eti rangi ni ileile, lebo ndizo mbili. Dai hili lingesimama kama makopo hayo yangeweza kubadilishana kazi bila madhara. Hayawezi. TS ni ya plastiki ngumu, PS ni ya polikabonati, na kampuni yenyewe inakataza PS isipulizwe kwenye plastiki ngumu ya polistirini. Muuzaji anayetaka kuuza kitu kimoja mara mbili hamkatazi mteja kukitumia. Tena Tamiya haikuanzia kwenye ganda la polikabonati: gari lake la kwanza la rimoti, Porsche 934 ya mwaka 1976, lilikuwa na bodi ya plastiki ngumu. Plastiki ziko za aina mbili, ndiyo maana na rangi ziko za aina mbili.

Dai lililopoteza bodi nyingi kuliko yote ni la kupuliza nje. Wanaolitetea wanasema ukipuliza nje unaona unachofanya, unasahihisha papo hapo, na mwisho unapiga vanishi bodi ing'ae. Kwamba unaona ni kweli. Sasa ipimeni vanishi. Ukipuliza ndani, plastiki yote iko mbele ya rangi: inang'aa bila kuongezewa kitu, na changarawe ikirushwa inakwaruza plastiki, rangi haiguswi. Ukipuliza nje, rangi ndiyo inayopokea kila changarawe na kila kupinduka. Yaani wameufunika mng'ao uliokuja na bodi, kisha wananunua vanishi ili waupate tena, na vanishi yenyewe ni utando mwembamba kuliko plastiki waliyoifunika. Nakubali jambo moja: anayetengeneza gari la kupanda mawe linaloonekana kuukuu, lenye vumbi na kutu, ana sababu ya kupaka nje, kwa kuwa hautaki huo mng'ao. Hiyo ni kazi ya namna ya pekee, na haitoshi kuwa kanuni ya kila bodi.

Wapo wanaokubali kupuliza ndani lakini wanashikilia mpangilio wa nje: nyeupe kwanza, kisha rangi yenyewe juu yake. Kwenye bati ni sawa kabisa. Ndani ya bodi angavu, tabaka la kwanza ndilo jicho linaloliona kutoka nje, kwa hiyo ukianza na nyeupe gari ni jeupe, hata ukiongeza rangi kumi nyuma yake.

Tuchukue gari ambalo wengi wenu mnalijua, Datsun 240Z ya Edgar Herrmann na Hans Schüller iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971: nyekundu, boneti nyeusi. Kwa ndani, ziba vioo, ziba na kila kitu isipokuwa boneti, kisha puliza nyeusi. Ikikauka, bandua tepu ila ya vioo, puliza nyekundu kote, hata mgongoni mwa nyeusi, kwa maana nyekundu haiwezi kupenya nyeusi ikaonekana. Malizia na nyeupe nyuma ya nyekundu ili iwake. Mwenye kuanza na nyekundu akamalizia na nyeusi atakuta wingu la nyeusi limeingia mgongoni mwa nyekundu. Kwa kuwa nyekundu hupitisha mwanga, gari lake litaelekea rangi ya damu iliyoganda. Rangi za kumetameta za machungwa na njano hupitisha mwanga zaidi. Hizo bila nyeupe nyuma yake hufifia kabisa.

Kuna na hili: polikabonati ndiyo plastiki ya ngao za polisi, basi thina haiwezi kuidhuru, na rangi ikikosea safisha tu. Hapa vitu viwili vimechanganywa. Kustahimili pigo hakumaanishi kustahimili kemikali. Asetoni huifanya polikabonati iwe na ukungu na nyufa ndogondogo, na ufa ukianzia kwenye tundu la nguzo ya kushikia bodi, pigo moja linatosha kuupanua. Watetezi wa dai hili ndio haohao wanaotushauri tubandue mapema utando wa nje tulioletewa na bodi, utando ambao kazi yake ni kupokea rangi inayopotea njia ili thina isihitajike.

Kuhusu kupiga tabaka moja zito ili kuokoa muda: rangi nzito hupenya chini ya tepu na huchelewa kukauka, kwa hiyo muda uliookolewa unaliwa palepale. Puliza ukungu mwepesi kwanza, uache ukauke, kisha rudia. Na kabla ya hapo igeuze bodi uitazame kwa nje: mahali tepu haikugandama, utaona hewa ikiwa na weupe pembeni mwa mstari. Pabonyeze kwa ukucha.

La mwisho halihitaji mistari mingi. Eti bodi mpya haina haja ya kuoshwa kwa kuwa imetoka kwenye pakiti. Inatoka na masalia ya kiwandani, na wewe unaiongezea mafuta ya vidole unapoikagua. Sabuni ya vyombo, maji ya uvuguvugu, kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha usiiguse tena kwa ndani. Atakayeruka hatua hii atalaumu rangi, hata kama alinunua iliyo sahihi.