Penye nia, njia iko wapi?

Asubuhi, mitumbwi ya dagaa ikirudi mwaloni Kirumba, mvuvi aliyekesha ziwani na taa zake huwasha sigara kabla hajagusa chai. Mshauri hakosi pembeni: "Kuacha fegi ni nia tu. Wewe huna nia."

Kauli hiyo tamu kwa asiyevuta ni ya uvivu, tena inaua. Katika kila wavutaji 100 wanaoacha kwa kukaza moyo peke yake, wanaofika mwaka bila kurudi ni watatu hadi watano. Je, hao wengine wote hawana nia?

Moshi ukivutwa, nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20. Huko hukalia vipokezi vya seli, na dopamini humwagika: raha inayoufundisha ubongo kurudia. Miaka ikipita, vipokezi huongezeka. Ni kama daladala ya Buhongwa iliyoongezwa viti. Vikibaki vitupu, konda hupiga kelele. Kelele hizo ndizo hasira, kukosa usingizi na ile kiu ya alfajiri. Kumwambia mvuvi "kaza moyo" ni kumwambia konda anyamaze huku gari halina abiria.

Vareniklini, dawa ya kuacha sigara, huipakia daladala hiyo wanafunzi. Viti vinajaa, nauli inaingia nusu. Konda hachekelei, lakini kelele zinapungua. Nikotini ikija inakuta viti vimekaliwa, ndiyo maana sigara hupoteza utamu. Dawa hii huongeza nafasi ya kufanikiwa mara mbili au zaidi.

"Na plasta za nikotini je? Si sumu kwa sumu?" Hapana. Nikotini ndiyo inayomfunga mvutaji, ila saratani ya mapafu huletwa na lami na kemikali nyingine za moshi. Plasta humpa nikotini polepole, bila moshi, kisha kipimo hupunguzwa.

Shirika la Afya Duniani liliingiza tiba ya nikotini, kama hizo plasta, katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2009, kisha vareniklini na dawa nyingine, bupropioni, mwaka 2021. Tanzania nayo iliridhia mkataba wa kudhibiti tumbaku mwaka 2007, na kifungu chake cha 14 kinazungumzia tiba ya kuacha. Hata hivyo, sigara inauzwa moja moja kila kibanda, na mvutaji anapewa mahubiri.

Wahenga walisema penye nia pana njia. Hawakusema nia ndiyo njia. Basi, ndugu mvuvi, mbalamwezi ikikaribia na mitumbwi ikielekea kupumzika, muone daktari. Vidonge vya vareniklini huanzwa wiki moja kabla ya siku ya kuacha, na humezwa kwa wiki 12. Nawe mshauri wa mwaloni, ukikosa nauli ya kumfikisha hospitali, angalau mpunguzie lawama.