Tuwarudishie Nyanya Kigoda Chao

Huenda nyumbani kwako, msomaji, juu ya meza au kabati la sebuleni, pana sanamu ya mawe laini ya Kisii: watu watatu au wanne walioshikana mabega katika duara. Hawana macho wala midomo, lakini ukiwatazama unajua wamo katika mazungumzo. Wachuuzi huiita sanamu hiyo "undugu". Kama unayo, jiwe lake yawezekana lilichimbwa hapa Tabaka, ninakofanyia kazi.

Ukipita hapa asubuhi utawasikia mafundi kabla ya kuwaona. Wanaume huchonga chini ya miti kwa panga na visu, na akina mama huketi kando ya karai la maji wakilainisha jiwe kwa msasa. Mikono inafanya kazi na midomo vilevile. Vumbi lile hunitia wasiwasi mkubwa, na kila mara nawasihi wajifunike pua na waloweshe jiwe kabla ya kulichonga. Mazungumzo yao, lakini, sikuyatilia maanani kwa miaka mingi. Niliyaona kuwa porojo za kupitisha wakati.

Halafu ukaja mwaka 2020. Mwezi wa Machi ndege za abiria kutoka nchi za nje zilisimamishwa, watalii wakatoweka, na wenye maduka mijini wakaacha kuagiza sanamu. Wachongaji wengi waliweka vifaa chini wakabaki nyumbani. Mmoja wao (nimebadilisha mambo machache asitambulike) alinijia mara tatu katika muda wa miezi miwili. Mara ya kwanza ilikuwa kichwa, nikampa dawa ya kutuliza maumivu. Mara ya pili ilikuwa tumbo, nikampa dawa ya vidonda vya tumbo. Mara ya tatu alisema halali. Nikampima shinikizo la damu, nikamwambia apunguze chai ya jioni. Foleni ilikuwa ndefu, na sidhani kama alikaa mbele yangu zaidi ya dakika tano.

Mara ya nne alikuja mkewe, peke yake, akafunga mlango. Alinong'ona kwamba mumewe alikuwa amejaribu kujitoa uhai. Hawakumpeleka hospitali kwa kuwaogopa polisi. Woga wao ulikuwa na msingi, maana chini ya kifungu cha 226 cha sheria za makosa ya jinai, kujaribu kujiua lilikuwa kosa la kumpeleka mtu jela. Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha katiba mwezi wa Januari 2025. Lakini wakati ule mama yule alikuwa akinifichulia siri na kosa kwa pumzi moja.

Mtu huyo nilimpima kila kitu, msomaji, ila sikumwuliza, "Mambo yako yanaendaje?" kisha nikangoja jibu.

Wako waliouliza kabla yetu. Huko Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili aitwaye Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa kijana aliyekosa nauli ya kurudi hospitalini. Nchi nzima ilikuwa na madaktari wachache mno wa fani yake. Basi mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare jijini Harare, aliwageukia watu aliokuwa nao: akina nyanya 14. Waliwekewa benchi la mbao nje ya zahanati, wakafundishwa kusikiliza, kuuliza, na kumsaidia mtu achague tatizo moja la kuanzia. Waswahili tunasema mtu "ana mawazo". Washona nao wana neno lao, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Akina nyanya walilitumia neno hilo badala ya maneno ya vitabuni.

Utafiti wao ulichapishwa mwaka 2016. Wagonjwa 573 wa zahanati 24 walifuatiliwa. Baada ya miezi sita, karibu nusu ya waliopata huduma za kawaida bado walikuwa na dalili za huzuni ya kuugulia. Miongoni mwa walioketi na nyanya, hawakufika 14 katika kila 100. Nikikutajia kidonge chenye nguvu hizo ungenitaka nikuandikie leo hii! Mpango huo umekwisha kufika Malawi na hata Zanzibar. Hapa kwetu Nairobi pia, wahudumu wa afya wa mitaani wasio na shahada yoyote ya saikolojia walizungumza na wanawake waliopitia ukatili, vikao vitano tu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba dhiki yao ilipungua.

Sasa tazama sisi Wagusii tunavyowatendea nyanya zetu. Oktoba 2021, huko Marani, wanawake wazee wanne waliuawa na umati kwa shutuma za uchawi. Hawakuwa wa kwanza. Mwanamke akizeeka, akafiwa na mume, watoto wakahamia mjini, huanza kuongea peke yake kwa sababu hana wa kuongea naye. Akipatwa na ugonjwa wa kusahau, anaweza kupotea njia usiku akaonekana boma la watu. Mimi daktari naona maradhi na upweke. Jirani anaona mchawi. Zimbabwe wamemkalisha nyanya penye benchi la zahanati, na sisi tunamtupia jicho la shaka, kisha tunalalamika kwamba vijana wetu hawana wa kuwashauri.

Nawe uliye mjini usiseme haya ni ya mashambani. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2025 kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke. Mara ya mwisho ulipompigia mama yako simu, mlizungumza, au ulimwuliza tu kama pesa zimefika?

Mtu akikujibu "niko sawa" upesi mno, uliza mara ya pili, unyamaze. Usikimbilie kumpa mahubiri wala mfano wa mwingine aliye na shida kubwa zaidi. Akitaja kufa, mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Usimwache peke yake, na umfikishe hospitali, kwa maana maongezi hayachukui nafasi ya matibabu pale yanapohitajika.

Mchongaji wangu alitibiwa, akapata dawa. Lakini aliyemtoa nyumbani ni jirani yake, mjane aliyepita umri wa miaka 70, ambaye alimwita kila alasiri amsaidie kubeba maji ya kulainishia mawe.

"Magokoro," alimwambia siku moja, "mbona unaniita mimi na wajukuu wako wapo?"

"Wao wananiletea maji wanaondoka," akajibu mama yule. "Wewe unakaa."

Zahanati yangu sasa ina viti viwili vya mbao chini ya mwembe. Kimoja ni chake, siku za Jumanne.