SHAURI LA WIKI: BWAWA DOGO NYUMA YA NYUMBA

Wasomaji wetu wa Kutulo mwajua nyote kwamba mvua za Gu na za Deyr hazikawii kupita. Ua hujaa maji kwa siku mbili tatu, kisha punda hurudia safari ya kisimani.

Wenye uwezo hujenga berked ya mawe na saruji (jina hilo ni ndugu wa birika la msikitini kule Pwani). Asiye na fedha ya saruji aweza kuanza na turubai kuukuu la lori, magunia matupu na mabati chakavu.

Chimba shimo la mita 3 kwa 2 juu, mita 2 kwa 1 chini, kina mita 1. Kuta zilale, zisisimame wima, maana udongo ukilowa huporomoka. Okota kila mwiba na kijiwe, tandika magunia, kisha turubai la kipande kimoja, mita 5 na nusu kwa 4 na nusu. Mshono huvuja, fundi aseme atakavyo. Pembe zizikwe ardhini.

Hapo patakaa kadiri ya lita 3,800. Wengi wataliona bwawa hilo dogo, lakini na tufanye hesabu. Paa la bati la mita 6 kwa 5, likipata mvua ya milimita 10, hutoa lita 300, bila kuhesabu yamwagikayo. Mvua 13 za namna hiyo zahitajiwa kulijaza. Shimo kubwa zaidi lingekaa nusu tupu likiota jua.

Na jua ndilo mwizi mkubwa. Katika nchi hii kavu laweza kunywa maji ya kimo cha zaidi ya mita 2 kwa mwaka. Bwawa letu, likiachwa wazi, hupoteza wapata lita 33 kila siku, nayo ni maji ya mbuzi saba! Basi kabla ya kufikiri juu ya kuongeza kina, simika miti, utandaze juu yake mikeka iliyokwisha kazi ya nyumba.

Pipa kuukuu lafaa kutuliza tope kabla maji hayajaingia bwawani, lakini uliza kwanza lilichukua nini. Lililokuwa na dawa ya kuogeshea mifugo halioshwi likatakata. Litobolewe, asije jirani akalitumia.

Maji haya ni ya mbuzi na bustani, si ya kunywa watu. Yafunikwe kwa chandarua, kwani mwaka 2016 Mandera ilipatwa na homa ya chikungunya, ienezwayo na mbu wazaliao katika maji yaliyowekwa nyumbani. Tena zungusha boma la miiba. Turubai lililolowa huteleza, na mtoto aliyetumbukia hawezi kupanda mwenyewe. Kwa hiyo funga kamba nene yenye mafundo kwenye kigingi imara, ishuke mpaka chini, wala isiondolewe hapo hata siku moja.